Nionyeshe Mtu Mmoja

Jumatatu, 3 Machi

Ombi la kampuni ya bima limefika. Hatimaye! Wamepiga simu mwezi mzima, na yule mwakilishi wao – nimembatiza Bwana Tabasamu – ana sauti ya mtu anayekuuzia kitu hata anapokusalimia. Wanataka majedwali kutoka Ghala, hifadhi yetu ya taarifa za wagonjwa: watu waliolazwa miaka mitatu iliyopita, kwa kata, kwa kazi, kwa jinsia, kwa umri, kwa aina ya ugonjwa. Majina hakuna. Majina hatunayo hata sisi.

Wanataka kuwakatia bima walimu na wauguzi wa wilaya nzima, kwa hiyo wajue watu wa kazi hizo wanaugua nini, wapi. Ombi safi. Mwenyekiti anasema lisikawie, maana tumeshapewa sifa ya ubahili. Hospitali sita zimemimina taarifa zao humo, halafu mtu akiomba kuchungulia anazungushwa hadi anakata tamaa. Ndiyo sababu tukaandika Mwongozo. Kurasa arobaini! Nani aruhusiwe, kwa kazi gani, kwa masharti gani. Mimi ndiye katibu wa kamati. Nazijua kurasa zile kuliko namba yangu ya simu.

Kikao ni Alhamisi ya wiki ijayo. Mambo shwari.

Nimeandika "mambo shwari" na hapo hapo nimelisoma ombi upya. Ndivyo nilivyo. Mambo yakinyooka naanza kutafuta yamepindia wapi.

Jumanne, 4 Machi

Fundi wetu wa mitambo ametoa majedwali. Ameyapitisha kwenye programu ya ukaguzi, ikawaka kijani. Kijani maana yake Mwongozo umefuatwa: popote palipo na watu chini ya kumi, namba imefutwa, ikawekwa nyota. Mtu asije akatambulika kwa uchache wake. Fundi akapiga makofi, akaenda zake kula.

Sasa mimi nina ugonjwa wangu – siwezi kuona jumla bila kuijumlisha. Watoto wakihesabiwa kupanda basi, mimi nahesabu nyuma ya mwalimu. Nikaanza mstari wa walimu. Kata tatu zina namba. Kata ya nne ina nyota. Mwisho wa mstari ipo jumla.

Jumla haikufutwa!

Toa zile tatu kwenye jumla, kinachobaki ndicho kilichojificha nyuma ya nyota. Mtoto wa darasa la tatu anaweza. Nimetoa. Imebaki moja.

Mwalimu mmoja. Mwanamke. Miaka thelathini na kitu. Kata ya bwawani. Kulazwa kwa maradhi ya akili baada ya kujifungua.

Kitinda.

Mdogo wangu. Tumbo moja.

Nimefunga kompyuta. Nimeifungua. Bado ni moja.

Jumatano, 5 Machi

Niandike tulivyo, labda nitatulia.

Kitinda aliugua alipomzaa huyu wa pili. Alikuwa hali, halali, anasema mtoto si wake. Tulimlaza. Wanaojua ni shemeji, mimi na madaktari, basi. Mama tulimwambia Kitinda yuko semina, na hadi leo Mama anauliza cheti cha semina kiko wapi, akiweke kwenye fremu! Akapona. Kapona kabisa – anafundisha, anagombana na muuza mkaa, anacheka hadi anashika ukuta. Mwezi huu anaingia kwenye usaili wa ualimu mkuu. Siku alipotoka wodini alinishika mikono yote miwili akasema, Dada, hii tumeizika.

Na wanaokuja kusoma majedwali haya ni watu wanaotaka kuwakatia bima walimu. Watakaa meza moja na ofisi ya elimu! Kata ya bwawani ina shule mbili. Walimu wa kike wa umri ule hawajai benchi moja. Na ni nani kati yao alipotea shuleni ghafla, akasemekana yuko semina?

Nimemwendea Fundi. Sikumtaja mtu, nimemwonyesha tundu tu. Akakuna kichwa. Akasema, dada, Mwongozo unasema namba za chini ya kumi zifichwe, nami nimezificha. Haujasema jumla zifichwe. Nikafungua ukurasa. Kweli haujasema. Siku tulipoandika ukurasa ule hospitali sita zilibishana wiki tatu kama mpaka uwe kumi au tano, na wiki nyingine tatu nembo ya nani itangulie kwenye jalada. Jumla hakuna aliyeikumbuka. Zote sita zilitia saini, tukapiga na picha.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekwenda kwa Mwenyekiti. Daktari mstaafu, mpole, ananiita "binti yangu" ingawa nina miaka arobaini na mitano na goti bovu. Nimemweleza tundu. Alisikiliza hadi mwisho – huwa anasikiliza vizuri, ndilo linalokera.

Akasema hiyo ni hesabu ya vitabuni. Moja kwenye karatasi si mtu, ni moja. Akasema hospitali mbili tayari zinatafuta sababu ya kujitoa. Leo tukitangaza majedwali yana tundu, kesho Ghala limekufa, na hili ndilo lililotuonyesha mwaka jana kwamba watoto wa mtaa mmoja wanaharishwa na kisima kimoja. Hilo ni kweli. Nilikuwepo. Tulilia kwa furaha siku kisima kilipofungwa. Mimi Ghala nalipenda! Watu wanadhani anayeogopa ndiye anayetaka kufunga duka.

Mwishoni akasema hivi, nayanukuu maana hayanitoki: "Nionyeshe mtu mmoja aliye hai, anayetembea, aliyejulikana kupitia jedwali letu. Mmoja tu. Nitalisimamisha siku hiyo hiyo."

Nikasema asante.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempelekea Mwanasheria wetu swali kwa mzunguko. Je, mtu wa kamati akimtambua mgonjwa kwenye majedwali, afanye nini?

Hakuinua hata uso. Akafunua Mwongozo, akanisomea. Ni marufuku kwa mtumishi au mtumiaji yeyote kujaribu kujua taarifa ni za nani. Adhabu ni kufukuzwa, na mahakama baadaye. Akauliza, kwa nini unauliza? Nikasema naandaa mafunzo. Akasema vizuri, watu wanahitaji mafunzo.

Yaani anayeliona tundu ndiye mwizi!

Kuna na hili. Kila kikao tunaanza kwa kuzunguka meza, mmoja mmoja anatamka kama ana maslahi. Mwenye ndugu anayeguswa na ombi analazimika kusema, kisha anatoka nje mpaka kura ipigwe. Miaka yote hii tunazunguka – sina, sina, sina, sina – kama watoto wanaoitwa majina asubuhi.

Kwa hiyo nikinyamaza, jedwali linakwenda. Nikisema ninayemjua, kazi imekwenda na Kitinda ameanikwa. Nikitangaza maslahi, natolewa nje na mikono minne inalipitisha huku nakodolea macho mlango. Nimezunguka pande zote, kila mlango nimeufunga mwenyewe kwa herufi nzuri.

Jumapili, 9 Machi

Nimetoka kwa Kitinda.

Nilimkuta barazani anamsuka bintiye, yule mdogo analala mkekani. Shemeji alikuwa ametoka. Nikamwambia mtoto akachote maji ya kunywa, mbali kidogo. Kitinda akanitazama. "Dada, nani kafa?"

Nikamwambia yote. Nilidhani atauliza kuhusu bima, kuhusu usaili. Hakuuliza hayo.

"Uliniangalia kwenye kompyuta?"

"Sikukuangalia. Nilijumlisha tu."

"Nilisaini ile karatasi hospitalini kwa sababu yako. Walisema taarifa zinakwenda Ghala, nikasema hilo la dada yangu, halina shida. Wakasema jina halimo."

"Halimo."

"Sasa umenijuaje?"

Arobaini na tano nzima, katibu, na naulizwa hivyo na mtoto niliyembeba mgongoni. Nikajikaza. Nikamwuliza kama ataniruhusu nimwambie Mwenyekiti, peke yake, faragha, bila kuitaja shule yake. Akaachia nywele za mtoto – maana mtoto alikuwa amerudi kukaa, naye akaendelea kumsuka bila kufikiri – akamwambia nenda kacheze.

"Ukinitaja, hata kwa kuniokoa, huna mdogo wako. Nakwambia leo."

"Na jedwali likienda?"

"Lizuie. Wewe si ndiye mwenye huo Mwongozo? Nyota ni yangu peke yangu? Si ziko tele? Tafuta nyingine."

Aliisema upesi upesi. Kisha akajishika mdomo, akaangalia pembeni. Hatukulirudia. Akanipa mihogo ya kupeleka nyumbani, tukaagana kwa adabu zote, kama wageni.

Nimekasirika naye. Ananiambia nimtoe kafara mtoto wa mwenzangu. Na nimekasirika zaidi kwa sababu nilipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, nilikuwa tayari nawaza mstari wa wauguzi.

Jumatatu, 10 Machi

Sitamtoa mtu. Nimepata njia! Nimetengeneza jedwali la uongo. Kata ya Kufikirika, watu wa kufikirika, nyota zake na jumla zake. Nitawaonyesha ubaoni jinsi nyota inavyofumuka, hakuna anayeguswa. Fundi anasema akiamriwa na kamati anaweza kuficha jumla zote kwa kazi ya siku moja. Siku moja! Anachotaka ni amri tu.

Nimekula leo, sahani nzima. Mume wangu akauliza kama nimeacha kazi.

Jumanne, 11 Machi

Bwana Tabasamu kapiga simu mara tatu. Anauliza kama aje na tai au bila tai.

Mwongozo unataka mwombaji awepo mwanzoni, ajibu maswali, kisha atolewe tujadiliane. Kumtoa ni kazi ya katibu. Nimemwambia aje anavyojisikia.

Jumatano, 12 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Nasikika kama tangazo la dawa ya meno. Kitinda hajapiga simu, nami sijapiga. Mama kapiga kwa niaba yetu wote wawili – kuna nini kati yenu? Hakuna kitu, Mama. Basi mbona mnanijibu sawasawa?



Alhamisi, 13 Machi

Naandika kwenye benchi la korido. Mapumziko. Mwenyekiti kasema dakika chache, anataka kuvuta hewa. Mwandiko huu sijui nitausoma.

Tulianza kwa kuzunguka meza. Sina. Sina. Mwanasheria, sina. Ikafika kwangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hofu kubwa, na ulimi wenyewe ukasema "sina" kabla sijaamua. Sauti nzuri kabisa. Sikujua naweza kudanganya vizuri hivyo.

Bwana Tabasamu akajibu maswali yake. Amekuja na tai. Alipomaliza nilitakiwa kumsindikiza nje. Mwenyekiti akasema mwacheni anywe chai yake kwanza, hatuna siri za kutisha hapa. Ilikuwa juu yangu kukataa! Nilikuwa nimeshika karatasi zangu, kichwani nina Kitinda tu. Nikaacha. Akabaki kwenye kiti cha pembeni na kikombe.

Nikasimama ubaoni na Kata yangu ya Kufikirika. Nilieleza vizuri, naapa. Mwakilishi wa hospitali ya watoto akaitikia kwa kichwa, kaelewa. Mwenyekiti akasubiri nimalize, akasema kwa upole wake ule ule – binti yangu, hizo ni namba ulizozipika mwenyewe. Zingekataaje? Majedwali yetu yana mistari mia na ushee, huenda hakuna hata mmoja wa hivyo. Tupige kura.

Akaanza kuangalia nani atainua mkono kwanza.

Nikachukua jedwali la kweli. Sikupanga! Mkono ulichukua. Jicho likaenda moja kwa moja kwa walimu, nikalivuta kama unavyomvuta mtoto barabarani, nikashuka mistari miwili. Wauguzi, wanaume, umri zaidi ya miaka hamsini. Nikasema hebu tuangalie huu. Nikaandika namba ubaoni, nikatoa kwa sauti, moja baada ya nyingine. Ikabaki moja.

Nikasema, mheshimiwa, kata ya kiwandani kuna muuguzi mmoja, mwanamume, mtu mzima, amewahi kulazwa kwa maradhi ya akili. Ndivyo jedwali letu linavyosema kwa yeyote mwenye kalamu.

Mwenyekiti akasema bado ni moja tu, si mtu.

Kiti cha pembeni kikalia. "Ngoja, ngoja... Kiwandani? Muuguzi mwanamume? Si Mzee Sindano yule! Wa chanjo! Kumbe! Ndiyo maana mwaka jana alipotea, tukaambiwa kaenda kuangalia shamba!"

Alisema kwa furaha, kama mtu aliyejaza neno la mwisho kwenye chemshabongo. Akaongeza, amewachanja watoto wangu wote. Kisha akaona nyuso zetu, akarudisha kikombe kwenye sahani taratibu.

Fundi alikuwa anaangalia viatu vyake. Mwenyekiti akavua miwani, akajishika uso kwa viganja viwili, akakaa hivyo. Halafu akasema jedwali limesimamishwa, yote yamesimamishwa, jumla zote zifichwe, na ombi hili limekataliwa. Hakuna kura. Akanipita mlangoni akanigusa bega. Akasema, umetuokoa, binti yangu.

Kitinda yuko salama. Nimeshinda.

Mzee Sindano simjui. Sijamwona maishani. Huenda saa hii yuko kliniki anamtekenya mtoto wa watu ili asione sindano. Ana mke? Ana mdogo wake? Nani alimwambia Mama yake kwamba kaenda shamba?

Mwanasheria kanifuata hapa kwenye benchi. Anauliza muhtasari utaandikwaje. Tukiandika kilichotokea, tumemtaja mara ya pili, na nakala zinakwenda hospitali zote sita. Tusipoandika, ombi limekataliwa bila sababu na kampuni itatushtaki. Nikamwuliza nani anamwambia mwenyewe – Mzee Sindano – kwamba amejulikana? Akafungua Mwongozo. Akaufunua mbele, akaufunua nyuma. Akasema hakuna kipengele. Kurasa arobaini!

Hakuniuliza kwa nini nilichagua mstari ule. Akiniuliza?

Bwana Tabasamu yuko dirishani, mwisho wa korido, na simu sikioni. Anacheka kidogo. Nimesimama nimfuate. Nimwambie nini, anyamaze? Nimemwuliza Mwanasheria, si ana kiapo cha siri? Akanitazama kama asiyetaka kujibu. Kiapo cha siri mwombaji hukisaini siku ombi lake linapokubaliwa. Kabla ya hapo hajaona kitu, kwa hiyo hana cha kutunza. Ndivyo tulivyoandika.

Na ombi lake limekataliwa. Aliyefanya likataliwe ni mimi.

Mwenyekiti anatuita ndani. Pale dirishani sauti imepanda, nasikia kila neno – "Ndiyo, huyo huyo wa chanjo, nakwambia..." – na Mwanasheria ananivuta mkono, anasema twende, katibu, twende tuandike.